Kwadi na bagi: chombo kisicho cha barabara kinasimamiwa na nani?

Gari likigundulika Marekani kuwa lina kasoro ya breki, ofisi ya kulifuatilia inajulikana. Ni NHTSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa magari ya barabarani, na pikipiki za kawaida nazo ziko huko huko. Kwadi, ile pikipiki ya magurudumu manne na tairi pana, ina injini, ina taa, na zile kubwa hukimbia kilomita 100 kwa saa au zaidi. Hata hivyo NHTSA haiigusi. Msimamizi wake ni CPSC, tume ya usalama wa bidhaa za walaji iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1972, ambayo mafaili yake mengine ni ya vitanda vya watoto wachanga, hita za umeme na midoli.

Mtu akitaka kuelewa kwa nini sheria za vyombo hivi zimekaa kimapande-mapande, aanzie hapo. Sheria ya Marekani hukihesabu chombo kuwa gari iwapo kimetengenezwa hasa kwa matumizi ya barabara za umma. Mtengenezaji wa kwadi husema wazi, tena hubandika stika, kwamba chombo chake kisiendeshwe barabarani. Kwa kauli hiyo kinatoka mikononi mwa watu wa barabara na kuingia katika fungu la bidhaa za nyumbani. Na tume ya bidhaa ina mamlaka juu ya bidhaa tu. Inaweza kuamua breki ziwe na nguvu gani na taa zikae wapi, lakini haiwezi kumlazimisha mtu mzima kuvaa helmeti, wala kumzuia baba asimpakie mtoto wa miaka saba. Mambo hayo ni ya majimbo, na majimbo ni 50, kila moja na sheria yake.

Sasa tazama vifo vinatokea wapi. Watafiti wa Marekani waliochambua ajali za kwadi za miaka mingi wamekuta kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa hufia barabarani. Chombo kilichotolewa kwenye sheria za magari kwa hoja kwamba hakiendi barabarani, kinaua zaidi huko huko barabarani. Na bado majimbo na kaunti nyingi zimeendelea kukifungulia njia. Kule West Virginia sheria inaruhusu kwadi kwenye barabara zisizo na mstari wa katikati, kwa mwendo usiozidi maili 25 kwa saa, yaani kama kilomita 40. Watu wa kule wana sababu zao: vijiji viko milimani, migodi ya makaa ya mawe imepungua, na watalii wa kwadi huleta fedha. Naziheshimu sababu hizo. Lakini kura ya madiwani haibadilishi namna tairi ya kwadi inavyoshika lami, na jambo hilo linahitaji kuelezwa vizuri kabla ya kwenda mbele.

Mashine yenyewe

Gari la kawaida lina difu. Kwenye kona gurudumu la nje husafiri masafa marefu kuliko la ndani, na difu ndiyo inayoyaruhusu kuzunguka kwa kasi tofauti. Kwadi nyingi hazina difu nyuma. Magurudumu mawili yamefungwa kwenye ekseli moja na huzunguka sawasawa, kama mkokoteni ambao magurudumu yake yamechomelewa kwenye chuma. Kwenye tope au mchanga hiyo ni faida kubwa, maana gurudumu moja likikosa mshiko lenzake linaendelea kusukuma. Ukikata kona, gurudumu moja hulazimika kuteleza kidogo, na udongo huliruhusu. Lami hairuhusu. Tairi zenye upepo mdogo, psi chache tu (psi ni kipimo cha shinikizo la upepo), hung'ang'ania lami, chombo kinagoma kupinda, dereva anaukaza usukani zaidi, halafu ghafla kinapinda kuliko alivyotaka na kulala ubavu.

Kitu cha pili ni kiti, na hiki ndicho kinachowaponza wengi. Ni kirefu, kina nafasi, na ukikitazama utaapa kwamba ni cha watu wawili. Urefu ule ni wa dereva peke yake. Kwadi husawazishwa kwa mwili wa anayeiendesha: akipanda mlima husogea mbele, akishuka hurudi nyuma, akikata kona huinamia upande wa ndani. Ukimpakia mtu nyuma yake, umemnyima dereva nafasi ya kufanya kazi hiyo, na umeongeza uzito juu na nyuma, mahali hasa panapoinua pua ya chombo kwenye mwinuko. Zipo kwadi zilizorefushwa makusudi kwa ajili ya abiria mmoja, lakini ni chache na maelezo yake husema hivyo waziwazi.

Hapo ndipo mtoto anapoingia hatarini. Kwadi ya mtu mzima huwa na kilo 200 hadi 400. Mtoto wa kilo 35 anaweza kuinamia kona hadi mwisho wa nguvu zake na mashine isijue kama ameinama. Ikipinduka na kumlalia, hana uwezo wa kuisukuma. Sehemu kubwa ya vifo vya kwadi ni vya namna hiyo: kifua kimebanwa na mtu anakosa pumzi. Helmeti huokoa kichwa, na kila anayepanda aivae, lakini haiwezi kunyanyua kilo 300 kutoka kifuani.

Kutoka magurudumu matatu

Historia ya sheria hizi huanza na chombo ambacho leo hakiuzwi kipya Marekani. Wauza pikipiki wa kule walikuwa wakikaa bila biashara majira ya baridi, wakaiomba Honda iwatengenezee kitu cha kuuza wakati wa theluji. Mwaka 1970 ikaja US90, yenye magurudumu matatu makubwa yaliyojaa upepo kidogo, kwa bei ya dola 595. Haikuwa na springi wala shokapu; tairi zenyewe ndizo zilizomeza mashimo. Ilipendwa mno. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni nyingine zilikuwa zimeingia, injini zimekua, na watoto wa mashambani wanaziendesha kama baiskeli zao.

Kasoro ya magurudumu matatu inaonekana hata kwa kuichora mchangani. Dereva anapofunga breki huku akikata kona, uzito hukimbilia mbele na nje, na upande huo hakuna gurudumu la kuupokea. Katikati ya miaka hiyo, majeruhi waliofikishwa hospitali za dharura walikuwa zaidi ya 80,000 kwa mwaka, na waliokufa wakawa wanahesabiwa kwa mamia, karibu nusu yao watoto wasiofikia miaka 16.

Desemba 1987 serikali ya Marekani ilizipeleka mahakamani kampuni za Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris, ikitumia kifungu cha sheria kinachohusu bidhaa zenye hatari ya karibu mno. Kesi haikufika kwenye mabishano marefu. Aprili 1988 mahakama ya Washington iliidhinisha maridhiano yaliyozifunga kampuni hizo kwa miaka 10. Za magurudumu matatu zikaacha kuuzwa, na zilizobaki madukani kampuni zikazinunua tena kutoka kwa mawakala. Kampuni zilikubali kutoa mafunzo bila malipo kwa wanunuzi, kubandika maonyo kwenye mashine, kulipia kampeni ya kuwaelimisha watu, na kutowauzia watoto kwadi za wakubwa: injini ya zaidi ya cc 90 ni kwa aliyefikisha miaka 16, na aliye chini ya miaka 12 asipande inayozidi cc 70.

Kuna jambo moja ambalo maridhiano hayo hayakufanya, na miaka mingi baadaye bado linauma kulisoma. Mtu aliyekwisha kununua ya magurudumu matatu hakurudishiwa fedha zake. Mashine zilizotajwa mahakamani kuwa hatari ya karibu mno zilibaki kwenye mabanda ya watu, zikauzwa mkono kwa mkono, zikaendelea kupandwa na watoto.

Tena ukiyapanga masharti yale, utaona ni moja tu lililogusa umbo la mashine, nalo ni kufutwa kwa mashine za magurudumu matatu. Mengine yote yalimgusa anayeendesha: afunzwe, aonywe, aulizwe umri. Kwa maoni yangu hapo ndipo mkondo ulipochimbwa, na sheria za Marekani zimefuata mkondo huo hadi leo. Idadi ya majeruhi ilishuka hadi kama 50,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1990. Maridhiano yalipomalizika mwaka 1998, kampuni ziliahidi kwa hiari yao kuendelea na sehemu kubwa ya masharti. Lakini kwadi zilikuwa zikiongezeka na kupata nguvu zaidi, na kufikia 2001 majeruhi walivuka 100,000. Mwaka 2007 walifikia kama 150,000.

Kilichobadilisha mambo wakati huo kilikuwa meli za mizigo. Kwadi za bei nafuu kutoka China na Taiwan zilianza kuingia kwa wingi, zikiuzwa hata kwenye maduka ya vipuri na mtandaoni, na walioziingiza hawakuwa wameahidi chochote kwa yeyote. Agosti 2008 Bunge la Marekani likapitisha sheria kubwa ya usalama wa bidhaa, na ndani yake kikawemo kifungu cha kwadi. Kiwango cha ubora kilichoandikwa na chama cha wenye viwanda, SVIA, ambacho hadi hapo kilikuwa cha hiari, kikawa cha lazima kuanzia 13 Aprili 2009. Kila mtengenezaji au mwingizaji akatakiwa kuwa na mpango wa usalama uliokubaliwa na tume, wenye mafunzo, maonyo na ukaguzi wa mawakala wake. Uingizaji wa mashine mpya za magurudumu matatu ukapigwa marufuku.

Kiwango hicho pia kiliachana na cc katika kupanga umri, kikashika mwendo. Sababu yake ni ya maana. Kijana wa miaka 13 aliyerefuka hatoshei kwenye kwadi ya cc 90; magoti yanagonga usukani, anaidharau, anachukua ya baba yake. Kwa hiyo madaraja mapya yanasema: ya kuanzia miaka 6 isivuke kilomita 24 kwa saa, na iwe na kidhibiti ambacho mzazi anaweza kukishusha hadi kilomita 16, za kuanzia miaka 10 na 12 zisivuke 48, na kuna daraja la vijana kuanzia miaka 14, wakiwa chini ya uangalizi, lisilozidi kama kilomita 61. Juu ya hapo ni miaka 16 kwenda mbele.

Sheria hiyo hiyo ya 2008 ilizaa kisa kinachofaa kusimuliwa kirefu kidogo, kwa kuwa kinaonesha jinsi nia njema inavyoweza kumfikia mtoto kwa njia mbaya. Wabunge walikuwa wamekasirishwa na midoli yenye madini ya risasi. Wakaweka kikomo kikali cha risasi kwa kila bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mtoto wa miaka 12 au chini yake. Kwadi ya mtoto ni bidhaa ya mtoto. Na ndani yake kuna risasi: kwenye vichwa vya betri, kwenye valvu za tairi, kwenye aloi za baadhi ya sehemu za injini. Mapema mwaka 2009 mawakala wakaanza kuziondoa madukani. Hakuna mtoto aliyekuwa akilamba valvu ya tairi, lakini sheria haikuacha nafasi ya kuliuliza hilo.

Matokeo yake kila mtu aliyeijua biashara hiyo aliyaona. Mzazi aliyekuja kutafuta kwadi ndogo akikuta haipo, wengine wangerudi nyumbani mikono mitupu, na wengine wangempa mtoto ile kubwa. Tume yenyewe ilikiri kwamba hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mei 2009 ikatangaza kuwa haitatekeleza kikomo hicho kwa kwadi na pikipiki za watoto kwa muda, na Agosti 2011 Bunge likapitisha marekebisho yaliyoviondoa vyombo hivyo kwenye kikomo cha risasi. Kwa zaidi ya miaka miwili kilichokuwa kikijadiliwa ni kemikali, wakati kinachowaua watoto ni uzito na mwendo.

Bagi: ushauri unageuka

Wakati sheria ya kwadi inakamilika, wanunuzi walikuwa wameanza kuhamia kwenye chombo kingine. Bagi ina usukani wa duara na pedali za miguuni, viti vya kukaa bega kwa bega, mikanda, na fremu ya vyuma juu ya vichwa. Sura yake ni ya kigari, na kwa mtu anayetoka kwenye kwadi ndiyo huanza kumchanganya, kwa sababu kanuni ya kunusurika inageuka. Kwenye kwadi isiyo na kinga, dereva anatakiwa awe huru kusogea, na ikibidi aruke. Kwenye bagi kinachookoa ni kubaki ndani, umefungwa mkanda, mikono na miguu ndani ya fremu. Bagi inapoanza kulala, mtu kwa silika yake hutoa mkono au mguu nje ili kuizuia. Fremu iliyowekwa kumlinda ndiyo humponda.

Yamaha Rhino, iliyoingia sokoni mwaka 2003, ndiyo iliyoifungulia biashara hii milango, na ndiyo iliyoileta tume mbele. Machi 2009 CPSC na kampuni hiyo walitangaza mpango wa matengenezo ya bure. Tume ilikuwa imechunguza ajali zaidi ya 50 za Rhino za modeli mbili, na ndani yake walikufa watu 46. Zaidi ya theluthi mbili ya ajali hizo zilikuwa za kupinduka, na wengi hawakufunga mkanda.

Matengenezo yenyewe ni somo. Magurudumu ya nyuma yaliongezewa kipande cha chuma ili yasogee nje na upana wa chombo uongezeke. Ile fito ya nyuma inayozuia mwili kuyumba ikaondolewa, kwa sababu ilikuwa ikiifanya bagi ipinde kwa ukali kuliko dereva alivyoomba. Vikawekwa vilango vya nusu ili mguu usitoke nje, na mahali pa abiria kushika. Hakuna aliyelazimika kuhudhuria darasa. Mafundi waligusa sehemu chache za chuma, na chombo kikawa kigumu zaidi kupinduka.

Ungetarajia kwamba baada ya hapo sheria ingefuata chuma. Novemba 2014 tume ilipendekeza kanuni ya lazima kwa bagi zote. Ilitaka chombo kistahimili msukumo wa ubavuni wa angalau 0.70 ya nguvu ya mvutano wa dunia kabla gurudumu halijanyanyuka. Ilitaka pia bagi, mwendo unapozidi, ielekee kupanua kona badala ya kuikaza. Na ilitaka isivuke kilomita 24 kwa saa iwapo dereva au abiria wa mbele hajafunga mkanda. Wenye viwanda walipinga vikali, wakisema vipimo hivyo vinafaa sakafu ya lami na vingeharibu uwezo wa chombo porini. Mwaka 2016 vyama vyao vikaviboresha viwango vyao vya hiari, vikaingiza baadhi ya mambo yaliyotakiwa. Pendekezo la tume halikufikia kuwa kanuni.

Msomaji akiuliza kwa nini serikali ilishindwa kuligeuza pendekezo hilo kuwa kanuni, jibu liko kwenye marekebisho ya mwaka 1981 ya sheria ya tume hiyo. Tangu hapo, CPSC haiwezi kutunga kanuni ya lazima iwapo kuna kiwango cha hiari kinachoweza kupunguza hatari vya kutosha na kinachoelekea kufuatwa na wengi. Lazima pia ioneshe kwamba faida inalingana na gharama. Kwa hiyo kila tume inapokaribia, wenye viwanda hukirekebisha kiwango chao kidogo, na hesabu inaanza upya. Sisemi kwamba viwango vya hiari havina thamani. Bagi za leo ni thabiti kuliko Rhino ya kwanza, na hilo limeokoa watu. Ninachosema ni kwamba anayeandika kipimo na anayepimwa wanakaa meza moja, na mpimaji wa serikali anasubiri mlangoni.

Silaha iliyobaki kwa tume ni ya baada ya ajali. Kampuni ikijua kuwa bidhaa yake ina kasoro inayoweza kuleta madhara makubwa, sheria inaitaka itoe taarifa ndani ya saa 24. Mwaka 2016 Polaris iliita zirudi bagi zake za RZR zipatazo 133,000 kutokana na moto: taarifa za moto zaidi ya 160, majeruhi 19, na kifo cha abiria wa miaka 15. Aprili 2018 ikakubali kulipa faini ya dola milioni 27.25 kwa madai kwamba ilichelewa kutoa taarifa. Faini hiyo ni kubwa kwa viwango vya tume ile. Mtoto wa miaka 15 hakuhitaji faini. Alihitaji taarifa ije mapema.

Australia ilivyokata shauri

Australia ilikuwa na tatizo hilo hilo kwa sura nyingine. Huko kwadi ni chombo cha kazi shambani, hutumika kuchungia ng'ombe na kubebea dawa za kunyunyizia, na kila mwaka watu wapatao 16 walikuwa wakifa, wengi chini ya mashine iliyopinduka. Mjadala wao ulidumu miaka mingi na ulikuwa juu ya kitu kimoja: kipande cha chuma chenye umbo la upinde kinachosimama nyuma ya kiti. Kwadi ikipinduka, upinde huo huizuia isilale kikamilifu, hivyo inabaki nafasi ya mtu kuvuta pumzi na kutambaa atoke. Wenye viwanda walidai kuwa chuma hicho chenyewe kinaweza kumgonga dereva, na kwamba dawa ni mafunzo na helmeti.

Mwaka 2019 serikali ya Australia ilipitisha kiwango cha lazima. Kuanzia Oktoba 2020 kila kwadi mpya ikatakiwa kuning'inizwa lebo inayoonesha ni mwinamo wa nyuzi ngapi unaoanza kuinyanyua, ili mnunuzi alinganishe akiwa bado dukani. Kuanzia Oktoba 2021, kwadi za matumizi ya jumla zikatakiwa kuwa na kinga ya dereva na kutimiza kiwango cha chini cha uthabiti. Kwadi za michezo na za watoto hazikuingizwa kwenye sharti hilo la pili, na hilo naliona ni pengo. Honda na Yamaha ziliamua kuacha kuuza kwadi za kazi huko kuliko kuzifunga chuma hicho. Wakulima wengi wakahamia kwenye bagi.

Mtu anaweza kulisoma hilo kama kushindwa, kwamba sheria imefukuza biashara. Mimi nalisoma vingine. Serikali ilikataa kuendelea kumpa mkulima stika pale ambapo fundi angeweza kumpa upinde wa chuma.

Mashine hizi kwetu

Kwadi na bagi za kukodisha zimekuwa sehemu ya utalii wa pwani na bara: utaziona Nungwi, utaziona Diani, utaziona Jinja karibu na mto Nile. Ndugu zetu walioko Oman huzipanda kwenye matuta ya mchanga ya Bidiya, na walioko Imarati huenda Al Badayer mwisho wa wiki. Wanaozipanda wengi wao hawajawahi kuzigusa, na maelezo huwa ya dakika chache.

Nyingi kati ya zile zilizotoka kwa kampuni kubwa zina alama za historia niliyoieleza. Chutama utazame madigadi ya mbele, karibu na mguu wa dereva: kuna stika ya onyo yenye michoro ya duara iliyokatwa kwa mstari. Mmoja ni wa watu wawili kwenye kiti kimoja, mwingine ni wa barabara ya lami. Pembeni yake huwa kuna umri wa chini. Kama imeandikwa 16, basi mashine hiyo haikukusudiwa mtoto wako wa miaka 12, hata kama anayekodisha anasema ataiendesha taratibu.

Kama ni kwadi ya mtoto kweli, shika kile kitufe cha gumba kinachotia mafuta. Kwenye kifuniko chake huwa kuna skrubu ndogo yenye nati. Ikikazwa ndani, gumba halifiki mbali na mwendo unapungua. Ikilegezwa, chombo kinakimbia kwa uwezo wake wote. Mwombe mwenye kwadi aikaze mbele yako, kisha umwone mtoto akibonyeza hadi mwisho kabla hajaondoka uwanjani. Uliza pia upepo wa tairi umepimwa lini, kwa kuwa tairi moja ikizidi lenzake kwa psi chache tu chombo huvuta upande mmoja. Na kama safari inapita kwenye lami kufika ufukweni au msituni, uliza kipande hicho cha lami kina urefu gani, na kama kiongozi anaweza kuwapeleka hadi mwanzo wa njia ya vumbi kwa gari.